Betri Nne Nilizomwachia Baba Naserian

Najua mlivyokuwa mnaniita pale yadi ya Kisongo. Mama Turubai. Mlidhani sisikii? Nilisikia tangu siku ya kwanza, na wala halikuniudhi. Gari likiingia na mizigo ya minara, kabla dereva hajazima injini mimi nishafika nyuma: "Fungua turubai!" Mvua inyeshe, jua liwake, iwe saa ya chakula, fungua turubai. Kuna dereva alinijibu siku moja, "Kwani Mama, humo ndani kuna bibi harusi?" Mkacheka wee. Na mimi nikacheka, halafu nikahesabu betri zake moja moja kwa kuzigusa kwa mkono. Moja haikuwepo. Akarudi kuifuata mpaka Longido bila hata chai.

Sasa nimestaafu, nahangaika na migomba yangu hapa Akheri, na nyie mmebaki na ile kazi ya kukusanya vitu vya simu vilivyokufa: betri za minara, mabunda ya nyaya, makabati ya mitambo, antena, simu za ofisini zilizopasuka vioo. Mmeniomba niwaandikie machache ya kazi. Haya. Nianze na ya kuchekesha, maana ni machache, yataisha upesi.

Nilipoajiriwa, fundi mkuu wangu alikuwa Mzee Massawe, Mchaga wa Machame, mtu mwembamba asiyependa maneno mengi. Siku ya kwanza mnarani aliniambia, "Vua pete." Nilikuwa na mwezi mmoja wa ndoa. Nikamwambia pete ya ndoa haivuliwi, tumeapa mbele ya mchungaji. Akaniangalia. "Sawa," akasema. "Lakini betri haikuwepo kanisani."

Haikufika saa sita mchana. Spana niliyoshika iligusa nguzo moja ya betri, pete ikagusa nguzo ya pili, na umeme wote wa betri ukapita kwenye kidole changu. Pete iliwaka ikawa nyekundu. Mzee Massawe aliivuta kwa koleo, ikatoka na ngozi. Jioni mume wangu akauliza pete iko wapi, nikasema iko kabatini. Mwanamume akaenda kupekua kabati! Mpaka leo mimi sivai pete, na nyie msiingie chumba cha betri na pete, saa wala mkufu, hata kama amekupa nani.

Mambo mengi niliyowafundisha yalikuwa yake. Kufunga nguzo za betri kwa tepu kabla ya kuinyanyua. Kuisimamisha wima garini, isilazwe hata kama nafasi ni ndogo. Iliyopasuka kuiweka kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko, peke yake. Kutochoma nyaya ili kupata shaba, maana ule moshi mweusi mnauvuta nyinyi, mnunuzi wa shaba yuko mbali. Na kunawa. Jamani, yule mzee alikuwa ananawa! Alitembea na kipande cha sabuni ya mche kwenye kopo, ananawa mpaka kwenye viwiko, chakula kinapoa, sisi tunamwita daktari wa upasuaji. Nguo za kazi hakuzifikisha nyumbani hata siku moja.

Nikamuuliza mbona anaogopa hivyo, tindikali si imekauka? Akasema, "Tindikali inauma, kwa hiyo utaikimbia. Ile risasi iliyo ndani haiumi." Akanieleza habari za yale mabamba ya kijivu yaliyomo ndani ya betri, kwamba ni madini ya risasi, ni sumu, na kwamba huko kwao ng'ombe wa jirani aliwahi kulamba betri ya trekta iliyovunjika. Ng'ombe huwa anaipenda, alisema, anailamba kama anavyolamba magadi. Yule wa jirani alipofuka, akawa anasukuma ukuta kwa kichwa mpaka akafa. Hadithi hiyo nilisimuliwa zaidi ya mara kumi. Mara nyingine nilikuwa nammalizia mwenyewe.

Kwa hiyo asije mtu akanitetea kwamba sikujua. Nilijua.

Mnara wa zile betri nne ulikuwa upande wa magharibi wa Meru, juu ya barabara ya kwenda Namanga, mahali ambapo pikapu hupanda kwa gia ya kwanza na sala. Mzee Massawe alikuwa ameshastaafu, na mimi ndiye niliyekuwa fundi mkuu wa betri. Mlinzi wa pale aliitwa Lazaro, ila wote tulimwita Baba Naserian kwa jina la binti yake mdogo, aliyekuwa na miaka mitatu. Boma lake lilikuwa hatua chache tu chini ya uzio wa mnara. Mtu mwema. Tukichelewa kazini alitusogezea moto, na tukikwama kwenye tope alikuja na vijana wa kijiji kutusukuma kabla hatujamwita.

Siku hiyo tulipeleka betri mpya nane na kutoa za zamani nane. Kila moja uzito wake kama mfuko wa saruji. Juu ya hapo tukaambiwa tushushe kabati la zamani la mitambo na nyaya zake. Mvua ilikuwa imeanza. Tulipakia kabati, nyaya na betri nne, kisha dereva akagoma. "Mama Upendo, nikiongeza hata chungwa hatufiki chini." Hakusema uongo. Zikabaki betri nne nyuma ya uzio, mbili kati yake zimeshavimba na kupasuka pembeni.

Baba Naserian akaja akasimama kando yangu. "Fundi, hizi zimekufa?"

"Zimekufa kabisa."

"Basi usisumbuke kuzifuata. Niachie mimi. Haya masanduku yake ni magumu, nikiyakata juu nitanyweshea ndama."

Hapo sasa. Nilitakiwa kusema hapana. Neno moja tu. Lakini nilifikiria ule mlima, nikafikiria kurudi wiki ijayo kwa ajili ya betri nne, nikaona huyu bwana ameniletea msaada. Nikamwambia chukua. Nikaongeza, "Ila angalia tindikali isikumwagikie miguuni." Hilo ndilo onyo nililompa. Nilimwonya kuhusu tindikali kwa sababu tindikali ndiyo iliyowahi kuniunguza mimi. Kuhusu yale mabamba sikusema chochote.

Kisongo nikajaza fomu ya marejesho. Nikiandika nne, natakiwa kuandika barua ya maelezo, na barua ya maelezo inapita meza tatu. Nikaandika nane. Mtunza stoo alitazama turubai kwa mbali, akaona limefungwa vizuri, akagonga muhuri. Nilifika nyumbani mapema siku hiyo.

Nilirudi baada ya mwezi mmoja kukagua zile mpya. Nilipoteremka garini nilimwona ng'ombe mmoja wa Baba Naserian amesimama kwenye uzio wetu, kichwa amekigandamiza kwenye waya, anasukuma. Nilipunga mkono mbele ya macho yake. Hakupepesa.

"Ni ormilo," Baba Naserian aliniambia. Ormilo ni ule ugonjwa wa ng'ombe kuzunguka na kupoteza fahamu, wafugaji wa kule wanaujua tangu enzi za babu zao, na kwa kweli dalili zinafanana. "Ndama wawili wamekufa. Huyu naye naona anakwenda. Wazee wamekuja wakaangalia, tumechoma sindano, hakuna kitu."

Nikatazama chini bomani. Masanduku manne meusi yamepangwa kando ya zizi, yamekatwa vizuri, yamejaa maji. Na nyuma ya zizi, kwenye jalala la majivu, mabamba. Yamemwagwa rundo, yana unga mweupe juu yake, na ng'ombe wawili wameinama wanalamba. Mama Naserian aliniona ninavyoangalia, akatabasamu. "Wameipenda hiyo, Mama Upendo. Siku hizi hata magadi hatununui."

Nawaambia ukweli, nilikaa juu ya jiwe kama mtu aliyepigwa. Wakafikiri ni jua, au ni ule mlima. Baba Naserian akaita ndani waniletee maziwa.

Pale kwake palikuwa na desturi yake: mgeni aliyekuletea kitu chema anakunywa wa kwanza, na kinachobaki kwenye kibuyu ni cha mtoto mdogo wa boma. Nami nilikuwa mgeni huyo. Nilikuwa nimewaletea masanduku ya kunyweshea ndama, na magadi ya bure. Nikapokea kibuyu kwa mikono miwili. Nilifahamu kilichokuwa kinalambwa nyuma ya zizi na nilifahamu maziwa yanatoka wapi. Nikikataa, wataniuliza kwa nini. Nikijibu kwa nini, wataniuliza nani aliyeleta. Na kule Kisongo kuna karatasi yenye sahihi yangu inayosema betri nane zilirudi.

Nilikunywa. Mimi mtu mzima, mafunda matatu hayataniua, ndivyo nilivyojiambia. Kisha Baba Naserian alichukua kile kibuyu mkononi mwangu akampa binti yake, aliyekuwa amesimama hapo anasubiri zamu yake. Akanywa mpaka mwisho, akajifuta mdomo kwa kiganja. Mimi nikiwa nimekaa pale pale juu ya jiwe, nimefunga mdomo.

Mtauliza, kwani nilifanya nini? Nilifanya kile mwoga anachofanya: nilisafisha. Nikasema kampuni inayataka yale masanduku, kuna ukaguzi. Nikazoa mabamba kwenye viroba, nikakwangua jalala kwa koleo, nikapakia. Baba Naserian akanisaidia kubeba, akaomba radhi kwa kuyakata! Nikashuka nayo mpaka Kisongo na kuyachanganya na mengine. Njiani nikawa najipa moyo: chanzo kimeondoka, yamekwisha. Hata sikuwaambia wamwage maziwa. Hata hilo.

Siku kumi baadaye Baba Naserian akanipigia simu. Naserian ameshikwa na degedege, wamemleta hospitali mjini, hawana mtu mwingine wanayemjua hapa. Nikaenda. Nilibeba uji na kanga mbili. Mtoto amelala macho yakiwa nusu wazi, mkono mmoja unachezacheza wenyewe. Daktari alisema malaria haionekani, wanamtibu homa ya uti wa mgongo, wangoje. Mama yake akaniomba tusali. Nikasali, vijana, tena kwa sauti. Nilimwambia Mungu awafunulie madaktari ugonjwa ulipo. Ujinga gani huo? Ugonjwa ulikuwa unajulikana na mtu aliyekuwa amepiga magoti kando ya kitanda.

Nilienda siku tatu, asubuhi na jioni. Siku ya tatu nilitoka pale nikapitiliza mpaka Tengeru kwa Mzee Massawe. Alikuwa na kitalu cha miche ya parachichi karibu na soko. Nikamweleza yote, kuanzia ule mlima mpaka kile kibuyu. Alinisikiliza huku ameshika kopo la kumwagilia, halafu akaliweka chini taratibu.

"Umekuja kwangu kufanya nini?"

"Nishauri, mzee wangu."

"Mimi nauza miche! Daktari yuko Arusha, mtoto yuko Arusha, wewe uko Tengeru." Akanifukuza kweli, kwa mkono, kama kuku aliyeingia kitaluni. Nilipofika barabarani nilisikia anaita jina langu, nikageuka. Alikuwa analia. "Nilikwambia, binti yangu," alisema. "Nilikwambia mara ngapi?"

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema habari za anayeficha maradhi ya mwenzake.

Daktari alikuwa kijana, angeweza kuwa mwanangu. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Aliacha kuandika. Akaniuliza mtoto alianza lini kunywa yale maziwa, kama alichezea jalala lile, na mimi nilijua lini. Hilo la mwisho nilihesabu kwa vidole, nikasema siku kumi na tatu. Hakunitukana. Alisema tu, "Mama, sisi siku tatu hizi tumekuwa tunatibu ugonjwa mwingine," akatoka mbio. Damu ilipelekwa mbali kupimwa. Dawa ya kuitoa ile risasi mwilini haikuwepo pale, ilitafutwa, ikaja baada ya siku kadhaa. Mtoto hakufa. Watu wakaniambia nimshukuru Mungu, na ninamshukuru, lakini najua pia nilichokiona wakati anaondoka hospitali: hakujua mlango uko upande gani.

Baba Naserian nilimwambia kwenye korido siku ile ile niliyomwambia daktari. Nilitaka kupiga magoti, akanishika kiwiko nisipige.

"Yale maziwa ulikunywa," akasema.

"Nilikunywa."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na mimi nikampa mtoto mbele yako."

Alifunga shuka lake vizuri begani. "Mimi usiniombe kitu, Mama Upendo. Hukuninyamazia mimi tu. Akikua, utamwambia mwenyewe."

Kazini niliandika barua yangu, ile niliyoikimbia mwanzoni, ikapita meza zake tatu. Ng'ombe wa Baba Naserian walilipwa, udongo wa jalala lile ukachimbwa na kubebwa. Mimi nilipewa onyo na kuhamishiwa yadi, ndipo nyie mkanikuta nafungua maturubai. Siku hizi nasikia fomu ziko kwenye simu, mnapiga picha ya mzigo na kutuma, na betri zenyewe zimebadilika, ni nyepesi, za aina nyingine. Vizuri. Lakini picha inapigwa juu ya turubai vilevile. Guseni kwa mkono. Na mlinzi mwema akikuomba kitu kibovu, jueni kwamba anakuomba kwa sababu anakuamini, mnyimeni mbele ya macho yake na mumweleze kwa nini. Akinuna, anune.

Naserian sasa ni msichana mkubwa, wa umri wa kuolewa, ila hakuna aliyekuja kumposa. Ana afya, mrefu, anacheka kwa urahisi. Shule ilimshinda darasa la kwanza. Mbuzi hawezi kuwapeleka machungani peke yake, maana akizunguka kilima kimoja hajui tena njia ya kurudi kwao. Jambo la jana kwake halipo, na la asubuhi likifika mchana limeshachujuka.

Alipofikisha miaka kumi na minane nilipanda kule. Baba yake, mvi zimemjaa, alinifungulia lango la miti. "Ingia," akasema. "Yuko pale. Mwambie." Akaondoka akaniacha naye.

Tangu hapo huwa naenda kila mwezi. Naserian huja mbio, huinamisha kichwa nimguse kama watoto wadogo wafanyavyo. "Takwenya, yeyo," ananisalimu kwa Kimaasai, yaani shikamoo, mama. Naitikia, "Iko." Halafu ananitazama usoni kwa adabu na kuuliza, "Yeyo, wewe ni nani?"

Namwambia. Sifupishi. Namwambia mimi ndiye fundi niliyemwachia baba yako betri, ng'ombe wakalamba, wewe ukanywa maziwa ukaumwa kichwa chako, na mimi nilikuwepo, nilijua, nikanyamaza. Anasikiliza vizuri sana, uso ameukunja, mara nyingine machozi yanamtoka. Mwisho ananishika mkono. "Pole, yeyo," ananiambia. "Nimekusamehe. Usilie."

Kisha anakwenda kuwafukuza kuku kwenye mahindi, au mama yake anamwita achote maji. Mimi nakaa kidogo, natafuta fimbo yangu, nainuka niondoke. Kabla sijafika langoni namsikia anakuja mbio nyuma yangu. Ananizunguka mbele, anainamisha kichwa nimguse.

"Takwenya, yeyo. Wewe ni nani?"

Naweka fimbo chini, naanza upya.